Kaburi la Dada Jumamosi

14 Januari

Mwanangu,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mama yangu, nikitumaini macho yake yameacha kutoa maji na kwamba bado anagombana na muuza maziwa, maana siku atakapoacha ndipo nitaogopa. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo limejitangazia uhuru. Fundi cherehani wa chini ananipandishia mkate ngazi zote tatu, kisha anakaa kunihadithia habari za watoto wake mpaka chai inapoa.

Umefanya vizuri kuandika, binti yangu. Kwenye simu ya nyumbani Bibi yako husikia kila neno hata akiwa jikoni, na jambo hili bado si la masikio yake.

Muswada wa filamu yako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza niliusoma kama baba yako mkubwa, nikashindwa kuendelea. Mara ya pili niliusoma kama mzee aliyezeekea vitabuni, nikashika kalamu. Chumba cha wapanga herufi wa kiwanda cha chapa hakikuwa na kelele unazoziandika. Mitambo ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kule kwao kulikuwa kimya kama chumba cha mtihani, na mdogo wangu, baba yako, alizipanga herufi zikiwa kichwa chini, akizisoma hivyo hivyo haraka kuliko wewe unavyosoma gazeti. Mwambie mwigizaji azoeze vidole vyake.

Wale watu wawili waliokuja kumchukua hawakumpigia mtu kelele. Mmoja alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Alimwambia msimamizi, "Tunamwazima tu, atarudi kabla ya chakula." Liandike hivyo hivyo.

Umemaliza pale anapotoka mlangoni akiwa na ndala, kwa sababu viatu vyake vilikuwa kwa fundi. Umemaliza vizuri. Hapo ndipo tulipoishia sote. Usiongeze neno.

Je, Bibi yako bado anavipaka rangi?

Baba yako Mkubwa


20 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sisi tu wazima. Bibi macho yametulia, ulimi haujatulia. Bati la jikoni liliezuliwa na upepo na tumelirudisha. Viatu, ndiyo, bado anavipaka rangi kila mwisho wa mwezi. Juzi alimtuma jirani avipeleke kwa fundi vibadilishwe soli. Soli zile hazijakanyaga hata uwanja wetu, lakini alisema mpira ukikaa sana hukatika.

Kampuni imeukubali muswada. Nilifurahi, nikaita rafiki zangu, tukala. Kisha nikaitwa kikaoni.

Kuna mtu wa masoko tunayemwita Kipaza, kwa kuwa hajui kunong'ona. Kabla hatujakaa alibandika ukutani picha ya mwanamke aliyoikata kwenye jarida. Akasema huyo ndiye mtazamaji wetu. Ana miaka thelathini na minne, ana watoto wawili, ana kazi ya ofisini isiyomfurahisha, na Jumamosi jioni anakuja sinema na shoga zake wawili. Wamempa jina la Dada Jumamosi. Tangu hapo kila ukurasa tuliofungua tuliulizwa atauonaje yeye. Chumba cha herufi ni kirefu mno, Dada Jumamosi atatoa simu. Msimamizi ni mzee mno, Dada Jumamosi anataka sura ya kutazamika. Mwongozaji alinitetea mara mbili tatu, kisha akachoka.

Tulipofika mlangoni Kipaza akauliza, "Halafu?"

Nikamwambia hakuna halafu.

Akasema, "Dada yetu amelipa nauli, amelipa tiketi, amewaacha watoto kwa mdogo wake. Wewe unamrudisha nyumbani na ndala?"

Watu wakacheka. Baba Mkubwa, nisikufiche, nami nilicheka.

Wanataka kaburi. Wanasema mtu aliyelia robo tatu ya filamu lazima apewe mahali pa kumalizia. Mtayarishaji amesema waziwazi kwamba bila mwisho hakuna filamu. Nimeomba muda nikuandikie.

Bibi ananiambia nikuulize lile swali lake. Chumba chako kipo, godoro tumelianika. Utakuja lini? Serikali ile haipo tena, na wenzako wengi wamekwisha kurudi.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Nimefurahi kusikia habari za bati. Huku baridi imeanza kulegea na fundi cherehani amemwoza binti yake wa mwisho. Nilialikwa, sikwenda.

Mwambie Kipaza kwamba swali lake tumelijua kabla hajazaliwa. Wiki zile za mwanzo watu walikuja kwa Bibi yako na nguo za msiba kumpa pole, na yeye aliwarudisha kila mmoja kutoka mlangoni. Aliwaambia, "Pole ya nini? Mwanangu yuko kazini." Walisema amerukwa na akili. Hakurukwa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa bado sijavuka mpaka, na niliyaona macho yake. Alikuwa anajua alifanyalo.

Waliomchukua hawajasema walimpeleka wapi. Wamezeeka, wamepewa viinua mgongo, wajukuu wao wanasoma shule nzuri, na hadi leo hawajasema. Kitu kimoja tu ndicho kimebaki mikononi mwetu: hawawezi kusema alikufa bila kusema alifia wapi na mikononi mwa nani. Siku tutakapomchimbia kaburi sisi wenyewe, tutakuwa tumewamalizia kazi yao, na kwa udongo wetu. Watakaa Jumamosi jioni na wake zao, watatazama, watafuta machozi, na watalala vizuri.

Kwa hiyo hapana. Waache waifute filamu. Dada Jumamosi atapata nyingine.

Kuhusu kuja, goti.

Baba yako Mkubwa


2 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Bibi hajambo. Anakusalimu na amenituma nikwambie kwamba goti husuguliwa kwa mafuta ya moto, na kwamba ndege ya siku hizi mtu huikalia, haipandi kwa magoti.

Barua yako imekaa njiani wiki saba. Ilinikuta tumekwisha kupiga picha.

Sitaki useme kwamba nilingoja ichelewe. Mtayarishaji alikuwa amekodi kamera kwa siku maalumu, na watu sitini wa kujaza umati walikuwa wamekwisha kuitwa. Tulikodi pembe ya shamba nje ya mji. Ndani ya jeneza waliweka mifuko ya mchanga, kwa sababu mwongozaji alisema wabebaji wa jeneza tupu hujulikana kwa mabega. Kaburi lilichimbwa kweli. Kibao kina jina la yule mtu wa kwenye muswada, si la Baba. Nilisimama nyuma ya kamera nimeshika karatasi zangu, na mama mmoja wa kulipwa, asiyemjua Baba wala wewe wala mimi, alilia mpaka akaketi chini, na alipoambiwa imetosha akajifuta, akauliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Chumba cha herufi kimebaki. Vidole vya mwigizaji ni vizuri sasa.

Sasa ni zamu ya Kipaza. Anasema filamu hii haiwezi kuuzwa kwa bango peke yake, kwamba ni lazima watu waanze kuizungumza kabla hawajajua kuwa ni filamu. Sikumwelewa vizuri.

Bibi anajua tu kwamba natengeneza picha kuhusu kiwanda cha chapa.

Mwanao


28 Mei

Mwanangu,

Leo salamu zitakuwa fupi. Barua yako ya tarehe mbili ilifika juzi. Jana ikafika nyingine, isiyo na stempu.

Rafiki yangu mmoja, tuliyetoroka naye, anayeishi mbali kidogo na hapa, alinitumia video kwenye simu. Aliandika chini yake: "Pole sana kaka, hatimaye mmempata." Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kliniki. Ni mazishi. Kamera inatikisika kama ya mtu aliyejificha nyuma ya watu. Haina jina la filamu wala la kampuni. Mtu mmoja anasikika akisema, "Ndiye yule mpiga chapa," na jeneza linateremshwa. Kwa muda wa pumzi chache, mimi niliyejua kila kitu, niliyeisoma barua yako, niliamini.

Karibu kabisa na simu iliyorekodi kuna mwanamke analia. Haonekani. Sauti ile naijua. Niliisikia kwenye simu siku mama yako alipoolewa tena akakuacha kwa Bibi.

Nakuuliza swali moja tu. Ni nani aliyeshika ile simu?

Baba yako Mkubwa


17 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Bibi anakusalimu. Anakula kidogo, lakini anakula.

Nakuandikia yaliyotokea ili usiyasikie kwa watu. Video ilianza kutumwa Jumanne, na jina la filamu lilipangwa kutangazwa Ijumaa. Kipaza hakuituma ovyo. Aliipeleka kwanza kwenye makundi ya simu ya mtaa wetu, na ya watoto wa wale waliofanya kazi kiwandani, na ya wastaafu. Alisema hao ndio watakaoieneza kwa uchungu, na watu hufuata uchungu.

Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa mke wa yule msimamizi. Aliingia, akakaa karibu na Bibi, akaanza kulia. Bibi akadhani mzee wake amefariki, akawa anambembeleza, anampa pole yeye. Walikaa hivyo, kila mmoja akimpa mwenzake pole. Kisha yule mama akasema, "Mmemsitiri mwanao, na hamkutuita hata sisi?"

Jirani aliyekuwapo ndiye aliyenihadithia. Bibi hakuuliza wapi, hakuuliza nani kamleta. Aliuliza, "Amezikwa na viatu gani?"

Akaingia chumbani, akatoka na vile viatu vyenye soli mpya, akaviweka mapajani, na kuanzia hapo akapokea pole. Baba Mkubwa, alizipokea zote. Wale aliowafukuza mlangoni siku zile na watoto wa wale aliowafukuza, wote waliingia na akawapa mkono.

Nilirudi kutoka kazini jioni nikakuta uani viti vya kukodi na watu wamejaa. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno la kuanzia. Bibi akaniona. Akasema, "Umeshafika? Chukua hiyo sufuria, wape watu chai."

Nikaichukua.

Ijumaa jina la filamu likatangazwa. Watu wengi waliudhika, na wengi zaidi wakauliza tiketi zinapatikana wapi. Mtaani kwetu hakuna aliyekuja kumwambia Bibi. Sijui ni aibu au ni huruma. Anaendelea kupokea wanaochelewa.

Mwanao


6 Julai

Mwanangu,

Mama yangu nimempigia simu, na salamu nimempa mwenyewe. Alinipa pole ya kufiwa na ndugu. Nikasema ahsante. Nimekaa nchi za watu muda wote huu nikikataa neno hilo kutoka kwa makarani, majaji, wanahabari na watu wema wa kila aina, na nimelipokea kwa mama yangu kwa sababu ya mtu anayeitwa Kipaza.

Hukuulizwa habari za chai. Uliulizwa nani aliyeshika simu.

Mwambie ukweli. Usitafute siku nzuri, haipo. Mwambie leo kwamba ni mchezo wa kuigiza, kwamba ndani ya sanduku kulikuwa na mchanga, kwamba mwanawe hajapatikana. Alikuwa na kitu kimoja cha kuwashikia wale watu, na mmemnyang'anya ili mjaze viti. Mrudishieni.

Na usiniulize tena kuhusu kuja.

Baba yako Mkubwa


30 Agosti

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Bibi hajambo. Bati linavuja tena upande mwingine.

Ni mimi niliyeshika simu. Kipaza alisema mtu wa kulipwa atasikika kuwa ni wa kulipwa. Aliniomba nilie kidogo, nusu dakika tu. Nilipoanza sikuweza kunyamaza. Walikwisha kufunga vifaa, gari likaondoka na watu, mwongozaji akabaki amekaa na mimi kwenye ukingo wa shamba. Unajua sijawahi kumlilia Baba? Nyumbani ilikuwa mwiko. Nililelewa na jozi ya viatu vinavyopakwa rangi. Sikuombi unisamehe, nakujibu ulichouliza.

Filamu imejaza ukumbi wiki nne mfululizo. Nilikwenda Jumamosi moja nikakaa nyuma. Baba Mkubwa, yupo. Dada Jumamosi yupo kweli, nilimwona, alikuja na shoga zake wawili. Kwenye chumba cha herufi alitoa simu. Kwenye kaburi alilia. Kipaza hakukosea hata kidogo, na namchukia zaidi kwa hilo.

Bibi aliomba apelekwe kaburini. Nilimzungusha wiki mbili, mwishowe akasema atakwenda kwa miguu akiuliza njia. Nikakodi gari. Kaburi lipo vile vile, kampuni haijaondoa chochote. Macho yake hayasomi tena maandishi, akaniomba nimsomee kibao. Nikasoma jina la Baba. Akakaa chini, akaondoaondoa majani juu ya mchanga, akazungumza naye kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za bati na za muuza maziwa. Viatu akavipanga juu, visigino vikielekea kichwani, akaona amekosea, akavigeuza.

Kipaza alikuwa ametufuata. Nilimwona nyuma ya miti na kamera. Nilimfuata nikamwambia aishushe, akaishusha, akaniambia pole. Picha ilikuwa imekwisha kupigwa. Sasa ndiyo bango la pili.

Usiku ule nilifanya ulichoniagiza. Nilimwambia, "Bibi, lile kaburi..."

Akanikatiza. "Nimekuuliza?"

Nikajaribu tena. Akasema, "Nimekuuliza, mimi? Zima taa."

Sijui anajua nini. Siwezi kumuuliza, na sasa wewe pia huwezi.

Mwenye shamba anataka kulima mvua zikianza, kwani tulikodi kwa msimu mmoja tu. Nimeiomba kampuni, wameniambia mahali hapo hapana tena kazi. Nilirudi peke yangu kuchukua viatu, sikuvikuta. Siku ya pili yake nilimwona kibarua wa shambani amevivaa. Vimemkaa vizuri. Nikampita.

Wasambazaji wa huko kwenu wameichukua filamu. Wataionyesha mwezi wa kumi.

Mwanao


21 Oktoba

Mwanangu,

Nakusalimu wewe na mama yangu. Fundi cherehani anahama, anakwenda kuishi na binti yake. Mkate nitaufuata mwenyewe.

Nimeiona picha yenu. Wanaionyesha kwenye ukumbi mdogo chini ya maktaba, na ngazi za kule ni mbaya kuliko zangu. Bango la huku si la Bibi yako. Ni mlango ulio wazi, na jozi ya ndala. Tulikuwa watu wachache, wengi wenye mvi na mitandio ya bei ghali, na hakuna aliyetoa simu kwenye chumba cha herufi. Nashukuru kwa kile chumba. Vidole vile vilikuwa vya ndugu yangu, na kwa muda nilisahau kukasirika.

Kisha wale watu wawili wakaingia, mmoja ameshika kofia. Akasema maneno yake. Mdogo wangu akafuta mikono, akatoka mlangoni. Giza likaingia, na majina yakaanza kupanda.

Niliuliza mlangoni. Msichana wa tiketi alinieleza kwa adabu kwamba ya kwenu ilikuwa na mazishi, ila wasambazaji wa hapa waliyakata. Alisema watazamaji wa huku hupenda kuondoka na swali. Kumbe nao wana Dada yao ukutani, ila huyu wa huku anavaa miwani, anakuja Alhamisi, na makaburi yanamchosha.

Ndivyo nilivyotaka, mwanangu. Neno kwa neno ndivyo nilivyokuandikia mwezi wa kwanza: usiongeze kitu. Ni mimi peke yangu duniani niliyeonyeshwa filamu niliyoiomba.

Lakini hayo ya msichana niliyauliza baadaye. Kabla yake nilikaa. Majina yakaisha, taa zikawashwa, wenye mitandio wakaondoka na swali lao, na mimi nimekaa vile vile, nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mfagiaji akanijia na ufagio wake. Akauliza, "Mzee, umepoteza kitu?"

Nikamwambia nangoja mwisho.

Akanitazama, akasema, "Ndio huo, umekwisha."

Usimwambie Bibi yako neno lolote. Niandikie kama mvua zimeanza na kama mwenye shamba amekwisha kulima. Kama amelima, niandikie vile vile.

Ile video niliifuta siku ile ile, palepale kwenye foleni. Nitumie tena. Usiipunguze mwishoni, na sauti yako uiache.

Baba yako Mkubwa